Nasibu Haina Mikono

Kisa cha nabii Yona, ambaye Waislamu wanamwita Yunus, kinajulikana msikitini na kanisani sawia. Qurani inakigusa kwa maneno machache, Biblia inakisimulia kwa urefu zaidi. Mtu anamkimbia Mola wake kwa kupanda chombo, bahari inachafuka, mabaharia wanapiga kura ili wajue balaa limeletwa na nani, na kura inamwangukia yeye. Wasikilizaji wengi hukimbilia tumbo la samaki, wakayapita mambo mawili yaliyomo chomboni ambayo kwa mtu wa fizikia ni mazito kuliko samaki mwenyewe, yaani dhoruba na kura. Katika dhoruba hakuna awezaye kusema wimbi lijalo litapiga wapi. Katika kura hakuna awezaye kusema ni jina la nani litatoka. Mabaharia wale waliona mkono wa mwenye enzi katika vyote viwili. Leo watu wengi, wasomi kwa wasiosoma, wanaamini kwamba sayansi imeuondoa mkono huo na kuweka mwingine mahali pake, na kwamba mwenye mkono huo mpya anaitwa bahati. Nitadai kwamba sayansi haijawahi kugundua kitu kiitwacho bahati au nasibu chenye uwezo wa kutenda lolote, na kwamba anayeitumia nasibu kumfukuza Mungu duniani na anayeitumia kumtafutia Mungu pa kujificha wamefanya kosa moja.

Kosa hilo linasaidiwa na lugha, na Kiswahili kina sehemu yake. Maneno yetu ya mambo yasiyotarajiwa karibu yote yamebeba mtendaji ndani yake. Nasibu limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya fungu, sehemu aliyopewa mtu, na fungu halijigawi. Majaliwa ni kile ulichojaliwa, na kitenzi hicho kinadai mwenye kujalia. Ajali ndilo la ajabu kuliko yote: kwa Waarabu ni muda uliowekwa, saa ya kufa isiyosogea mbele wala nyuma, nasi tumelichukua tukalitumia kwa basi lililopinduka kwenye kona. Neno la jambo lililopangwa kuliko yote limekuwa neno la jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Na kadari, yale aliyoyapima Mungu, ina shina moja na kukadiria, kazi ya kila siku ya wahandisi, wahasibu na watabiri wa mvua. Sisemi kwamba asili ya neno ni hoja. Mtu husema bahati mbaya bila kumfikiria mgawaji yeyote, kama anavyosema Jumatatu bila kuhesabu siku tangu Jumamosi. Lakini maneno haya yametuzoeza kuuliza nani kabla ya kuuliza vipi, kwa hiyo mwanasayansi akisema jambo fulani ni la nasibu, tunasikia jina la mtendaji mpya ilhali yeye hajamtaja mtendaji yeyote.

Anataja nini, basi? Chukua kura kwa umbo lake jepesi, sarafu inayorushwa na refa kabla ya mpira kuanza. Ikishaondoka kidoleni, njia yake imeamuliwa na kasi ya kupanda, kasi ya kuzunguka, uzito wake na hewa inayoipita. Persi Diaconis, mwanahisabati wa Marekani aliyeanza maisha kama mfanya mazingaombwe, alishirikiana na wenzake kuchunguza mashine ya kurusha sarafu ambayo, ikiwekwa vizuri, huiangusha upande uleule kila mara. Mwaka 2007 walionyesha kwa hesabu kwamba hata mkononi mwa binadamu sarafu huelekea kuangukia upande uliokuwa juu mwanzoni, kwa takriban asilimia 51. Watafiti wengine walirusha sarafu mara 350,757, wakatangaza mwaka 2023 kwamba wamepata asilimia 50.8. Nusu kwa nusu, kwa maneno mengine, haikai ndani ya sarafu. Inaeleza mkono wetu usioweza kurudia mrusho uleule mara mbili na jicho letu lisiloweza kuupima. Kura ya mabaharia, iwe ilikuwa ya vijiti au ya mawe, ilikuwa ya namna hii: hapakuwa na hatua hata moja ambapo kanuni za mwendo zilinyamaza ili bahati iseme.

Na dhoruba? Majira ya baridi ya mwaka 1961, Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa chuo cha MIT huko Marekani, alikuwa na kompyuta iliyokokotoa hali ya hewa ya kubuni kwa milinganyo 12. Siku moja alitaka kurefusha hesabu ya awali, akaianzisha katikati kwa kunakili namba zilizochapwa karatasini. Kompyuta ilikuwa imehifadhi 0.506127, karatasi ilionyesha 0.506. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, mashine ilikuwa imekokotoa kiasi cha miezi miwili, na hali ya hewa ya hesabu ya pili haikufanana tena na ile ya kwanza. Hakuna kifaa kilichoharibika. Tofauti ya kama sehemu moja katika elfu nne ilikuwa imejizidisha na kujizidisha mpaka ikameza kila kitu. Alichapisha maelezo yake mwaka 1963, na mwaka 1972 akatoa hotuba yenye swali maarufu la kipepeo anayepiga mbawa Brazil na kimbunga cha Texas. Tangu hapo kipepeo huyo ameteswa sana. Watu wamemfanya kuwa mtendaji, kana kwamba kidudu kile ndicho kilichosukuma upepo wote, wakati Lorenz alikuwa akizungumzia mpaka wa ujuzi: hatuwezi kuipima anga ya leo kwa usahihi wa ubawa wa kipepeo, hivyo hatuwezi kuijua anga ya mwezi ujao. Wahenga waliosema mdharau mwiba mguu huota tende walikuwa na nusu ya jambo hili. Nusu iliyobaki ni kwamba angani miiba haina idadi, na mguu ukishaota tende hakuna wa kusema ni mwiba upi uliochoma.

Si kwamba Lorenz alikuwa wa kwanza. Mwaka 1814 Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliwaza akili kubwa mno ambayo, ikijua mahali pa kila kitu na nguvu zote kwa nukta moja, ingeona mbele na nyuma bila shaka yoyote. Miongo saba baadaye Mfalme Oscar II wa Uswidi aliandaliwa shindano la hisabati kwa ajili ya kutimiza miaka 60, na swali mojawapo lilihusu mwendo wa magimba yanayovutana. Henri Poincaré alishinda, akapewa kronor 2,500, kisha wakati makala inaandaliwa kwa uchapishaji akagundua kwamba ina kosa zito. Nakala zilizokwisha chapwa zikakusanywa, naye akalipa gharama za kuchapa upya, zaidi ya kronor 3,500. Ni tuzo iliyomtia hasara mshindi wake. Lakini katika kulisahihisha kosa aliona kile ambacho Laplace hakukiona: magimba matatu tu, yakitii kanuni ya Newton bila kuasi hata kidogo, yanaweza kwenda kwa njia zilizosokotana kiasi kwamba kosa dogo la kuanzia haliachi utabiri wowote wa mbali.

Jambo hili si la karatasini tu. Mwaka 1989 Jacques Laskar, naye Mfaransa, alionyesha kwamba sayari za ndani, Dunia ikiwamo, zina tabia hiyohiyo. Ukikosea mita 15 katika kupima mahali Dunia ilipo leo, baada ya miaka milioni 100 hivi huwezi tena kusema iko sehemu gani ya mzunguko wake. Miaka 20 baadaye yeye na Mickaël Gastineau walikokotoa mustakabali wa sayari mara 2,501, kila mara wakibadilisha mwanzo kwa kiasi kisichopimika na chombo chochote, na katika kama asilimia moja ya hesabu hizo njia ya Utaridi ilirefuka kupita kiasi, hata kuleta hatari ya kugongana na Zuhura au kutumbukia kwenye Jua. Falaki, elimu ambayo watu wameitumia tangu kale kama mfano wa utaratibu wa mbingu, imo humu humu. Ndiyo maana silipendi neno vurugu, wala machafuko, ambayo tumeyatumia kutafsiri istilahi ya wanasayansi, chaos. Vurugu sokoni ni pale sheria inapovunjwa. Huku hakuna sheria iliyovunjwa hata mara moja, na utabiri umeshindikana vilevile.

Mkulima wa ukanda wetu anaishi na elimu hii kila msimu, hata kama hajaisikia kwa jina lake. Tangu mwaka 1992 kituo cha pamoja cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa hakitegemei hesabu moja. Kinaanza mara nyingi, siku hizi mara 51, kutoka katika hali zinazotofautiana kidogo, kisha kinatazama njia zinaachana wapi. Zikienda pamoja, mtabiri anasema kwa ujasiri. Zikitawanyika, anasema kwa tahadhari. Utabiri wa msimu wa Afrika Mashariki nao hutolewa kwa mafungu matatu, juu ya wastani, wastani na chini ya wastani, kila fungu na asilimia yake. Kuna jambo la kuvutia hapa: mvua za vuli hutabirika vizuri zaidi kuliko masika, kwa kuwa vuli imefungamana na joto la bahari za Hindi na Pasifiki, na bahari hubadilika polepole. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida, na vuli ikaja na mafuriko. Kwa hiyo hata ndani ya kinachoitwa vurugu kuna vipande vinavyoshikika. Anayesikia asilimia 45 akasema watabiri wanacheza bahati nasibu hajawaelewa, na anayesema wanaingilia kazi ya Mungu hajawaelewa pia. Wanakadiria, na kadirio ni kauli kuhusu tulichojua siku tulipolitoa.

Mpaka hapa mtu anaweza kuridhika na kusema: basi, nasibu ni jina la ujinga wetu tu, na akili ya Laplace, au Mungu, anaona kila kitu kikienda kwa sheria. Wengi huishia hapa, na wangekuwa sahihi kama historia ya fizikia ingekoma mwaka 1900. Mwaka 1902 Ernest Rutherford na Frederick Soddy, wakifanya kazi Montreal, walieleza jinsi mata nururifu inavyopungua. Tuchukue iodini-131, ambayo hospitali huwapa wagonjwa wa tezi ya shingoni. Nusu-uhai wake ni siku 8. Ukiwa na atomu bilioni moja, baada ya siku 8 itabaki takriban nusu, baada ya siku 16 robo, na daktari hupanga dozi kwa kuitegemea hesabu hiyo kama anavyoitegemea saa ya ukutani. Lakini ishike atomu moja na uulize itavunjika lini. Haizeeki. Iliyokaa wiki mbili bila kuvunjika ina uwezekano uleule wa kuvunjika kesho kama iliyotengenezwa leo asubuhi, na hizo mbili hazina tofauti yoyote inayojulikana. Punje mbili za mahindi zikiwekwa ghalani na moja ikaoza, utakuta unyevu, fukusi au ukungu. Kwenye atomu utafute nini?

Albert Einstein aliamini kuna cha kutafuta, na mwaka 1926 alimwandikia mwanafizikia mwenzake Max Born kukataa wazo la Mola anayecheza dado. Hakuwa mkaidi asiyejua. Alikuwa na hoja, na mwaka 1935 yeye na wenzake wawili waliiandika. Chembe mbili zilizozaliwa pamoja zikipelekwa mbali hulingana kwa namna ya kushangaza, basi lazima kila moja iliondoka na majibu yake mfukoni, kama mapacha waliokubaliana kabla ya kuingia vyumba viwili vya mtihani. Mwaka 1964 John Bell, mzaliwa wa Belfast, aliuliza swali ambalo wote walikuwa wameliruka: mapacha wenye majibu mfukoni wanaweza kulingana hadi wapi? Akaonyesha kwamba kuna mpaka. Kwa namna moja ya kuupima, mpaka huo ni 2, na fizikia ya kwanta, elimu ya atomu na chembe zake, inatabiri hadi takriban 2.83. Majaribio yakafuata, ya Stuart Freedman na John Clauser mwaka 1972, ya Alain Aspect mwaka 1982, na ya Delft, Uholanzi, mwaka 2015, ambapo elektroni zilizotengana kilomita 1.3 zilitoa 2.42. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2022 iliwaendea Aspect, Clauser na Anton Zeilinger. Majibu hayakuwa mfukoni. Au tuseme kwa uangalifu zaidi: hayakuwa mfukoni ikiwa chembe moja haiwezi kuiathiri nyingine papo hapo kupita kasi ya nuru.

Uangalifu huo ni wa lazima, maana wapo wanaoandika kana kwamba shauri limefungwa. Halijafungwa. David Bohm alionyesha mwaka 1952 kwamba unaweza kurudisha sababu kamili kwa kila chembe, mradi ukubali kwamba chembe za mbali zinaathiriana papo hapo. Hugh Everett, mwaka 1957, alipendekeza kwamba matokeo yote hutokea, kila moja katika tawi lake, na nasibu ni namna tu tunavyolihisi jambo hilo tukiwa ndani ya tawi moja. Wapo pia wanaosema kwamba hata uamuzi wa mpimaji kuhusu apime nini ulikuwa umefungamana na chembe tangu kale. Ili kuibana hoja hiyo, kundi la Zeilinger lilitumia darubini za kisiwa cha La Palma mwaka 2018, likaacha vipimo viamuliwe na nuru ya kwazari, magimba yang'aayo ya mbali mno, iliyoanza safari zaidi ya miaka bilioni 7 iliyopita. Matokeo yakawa yaleyale. Bado mtu anaweza kusema mfungamano ulianza kabla ya hapo, na hakuna jaribio la kumnyamazisha. Maoni yangu ni kwamba maelezo mepesi zaidi ni yale ya wengi: atomu haina siri inayoificha. Lakini nayasema kama maoni, na hoja yangu haisimami juu yake.

Tazama sasa tulichokusanya. Sarafu na dhoruba vina sababu timamu lakini havitabiriki, kwa kuwa vipimo vyetu vina ukomo. Atomu, kwa uelewa wa wengi, haina sababu ya kuvunjika leo badala ya kesho, lakini umati wa atomu hutabirika vizuri kuliko treni. Ni mambo mawili tofauti, karibu kinyume, na tumeyapa jina moja. Na katika lolote kati ya hayo, wapi bahati imefanya kitu? Upepo umesukuma, mvutano umevuta, kiini cha atomu kimetoa chembe. Nasibu haimo katika orodha ya nguvu za asili. Ni kivumishi kinachoeleza uhusiano kati ya tukio na yanayolitangulia, au kati ya tukio na ujuzi wetu. Mwanabiolojia Jacques Monod, mwenye Nobel ya mwaka 1965, aliandika mwaka 1970 kitabu kilichopata wasomaji wengi kuhusu nasibu na ulazima, akahitimisha kwamba kwa kuwa nasibu ndiyo chanzo cha kila jipya katika viumbe, binadamu yuko peke yake katika ulimwengu usiomjali. Sayansi yake ilikuwa nzuri. Lakini mabadiliko ya jeni huitwa ya nasibu kwa maana maalumu: hayatokei kwa sababu kiumbe anayahitaji. Kimelea cha malaria kilichoishinda klorokwini hakikubadilika ili kiishinde. Kilibadilika kwa makosa ya kawaida ya kunakili, kisha dawa yenyewe ikaondoa wasiobadilika. Ukitoka hapo ukasema hakuna aliyekusudia lolote, umetoka maabara bila kuaga.

Upande wa pili hauna haki ya kucheka. Mwaka 1958 William Pollard, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa pia kasisi, alidai kwamba Mungu huongoza dunia kwa kuamua yale ambayo kwanta imeyaacha wazi. John Polkinghorne, aliyeacha uprofesa wa fizikia Cambridge akawa kasisi wa Kianglikana, aliona nafasi kama hiyo katika mifumo isiyotabirika kama hali ya hewa. Nawaheshimu, hasa wa pili, lakini sioni nafasi hiyo. Milinganyo ya Lorenz haijaacha chochote wazi. Sisi ndio tusioona, na kutoka katika kutoona kwetu hadi kudai kwamba kuna uwazi ni kuruka mto bila daraja. Kwa atomu hoja ina nguvu zaidi, ila inamgeuza Mwenyezi kuwa mtendaji mmoja kati ya watendaji, anayengoja pale kanuni zinapochoka ndipo aingize kidole. Mafundisho ya zamani ya dini zote mbili hayakumweka pale. Kwa mwanachuoni wa Kiislamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, moto ukigusa pamba, kuungua kwa pamba ni tendo la Mungu moja kwa moja, na kinachoonekana kama sheria ni desturi yake. Mwanatheolojia wa Kikristo Thomas Akwino alitoa mfano wa bwana aliyewatuma watumishi wawili mahali pamoja bila kuwaambia: kwao kukutana ni sadfa, kwa bwana si sadfa. Wote wawili wangeshangaa kuambiwa kwamba Mungu anahitaji pengo.

Mwanafalsafa wa Kiislamu Ibn Rushd alimjibu al-Ghazali kwamba anayeondoa sababu katika vitu ameondoa elimu yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kujua sababu yake. Kwa wengi jibu hilo lilionekana kuwa la kumaliza. Nusu-uhai wa iodini umeliletea tatizo ambalo hakuna kati ya wawili hao aliyeliona likija: hapa tukio moja moja huenda halina sababu ya kutokea wakati wake, na bado elimu ipo, sahihi na yenye kutibu watu, ikikaa kwenye umati badala ya mmoja. Simaanishi kwamba al-Ghazali ameshinda. Iodini ina asili yake, radiamu ina yake, wala hazibadilishani tabia. Ninachosema ni kwamba mjadala wao ulidhani kuna njia mbili tu, sababu kamili au hakuna elimu, na maumbile yakaleta ya tatu.

Asiyeamini atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema: ikiwa imani inakubaliana na sarafu yenye sababu, na atomu isiyo na sababu, na matawi ya Everett pia, basi haisemi kitu, imani isiyoweza kukanushwa na jaribio lolote ni maneno matupu. Sehemu ya kwanza naikubali bila masharti. Fizikia si shahidi wa upande wowote katika kesi hii, na mhubiri anayepanda mimbarini na makala za kwanta mkononi anajenga juu ya mchanga ambao utafiti wa mwaka ujao unaweza kuufagia. Sehemu ya pili siikubali, kwa kuwa ikitumika kwa haki inamgeukia msemaji wake. Kauli kwamba ulimwengu hauna kusudi nayo inakubaliana na majaribio hayohayo yote. Si Delft wala La Palma palipopima kusudi. Swali hilo linaamuliwa, kama linaamuliwa, kwa hoja nyingine: kwa nini kuna kanuni hata kidogo, wema ni nini, ushuhuda upi unaaminika. Muumini naye ana swali lake, na ni gumu zaidi. Je, Mungu hajui atomu ipi itavunjika? Bell alichokizuia ni jibu lililohifadhiwa ndani ya chembe au jirani yake. Ujuzi wa aliye nje ya wakati na mahali, kama yupo, hauhifadhiwi hapo, na hakuna chombo cha kuupima. Atakayetaka zaidi ya hayo kutoka kwa mwanafizikia anabisha mlango usio na mtu.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosikika zaidi barabarani. Kama kila kitu kina sababu zilizokwisha pangwa, au kama kimeandikwa, mtu ajihangaishe ya nini? Ajali haina kinga, wanasema, na pikipiki inaondoka bila kofia ngumu. Methali hiyo ni ya kweli kwa mmoja na ya uongo kwa umati, kama ilivyo kwa iodini ila kwa sababu tofauti. Gari lipi litapinduka Ijumaa ni swali la aina ya Lorenz: matone machache ya mvua, tairi lililoisha, dereva aliyegeuza kichwa. Lakini nishati ya gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa ni mara nne ya lile la kilomita 50, na hilo halingoji bahati ya mtu. Ukipunguza mwendo wa magari yote, idadi ya vifo itapungua, ingawa hutamjua kamwe aliyeokoka kwa ajili yako wala yeye hatakujua. Tena kupangwa kwa sababu hakukufuti wewe. Mguu wako kwenye breki ni mojawapo ya sababu hizo. Anayesema kimeandikwa hajui kama kilichoandikwa ni kugonga au kufunga breki.

Katika simulizi ya Biblia, mabaharia wa Yona walianza kwa kutupa shehena baharini ili kuipunguzia merikebu uzito. Kisha wakapiga kura. Kura ikamwangukia Yona, naye akakiri, akawaambia wamtupe majini na bahari itatulia. Walikuwa na hukumu ya kura, wana ungamo la mshitakiwa, na dhoruba inazidi. Wakashika makasia wakavuta kwa nguvu kuelekea nchi kavu.